Profesa wa jiolojia ya petroli: umchukue wa kampuni, wa nje, wa ughaibuni au wa hapa hapa?

Ikama, yaani nafasi ya ajira iliyoidhinishwa, ni moja. Hilo liweke mezani kabla hujafungua hata bahasha moja ya wasifu. Idara za jiolojia kwenye vyuo vyetu vya umma husubiri sana kupata kibali cha nafasi moja ya profesa, na nafasi ikishajazwa imejazwa. Huwezi kurudi Utumishi mwakani ukasema samahani, tulikosea mtu. Nimekaa kwenye kamati ya kutafuta mtu wa aina hii mara tatu, chuo nisichokitaja, na mara mbili kati ya hizo tulikosea. Namwandikia mkuu wa idara ambaye barua ya kibali imemfikia juzi, na tayari kila anayekutana naye kwenye korido ana "mtu wake".

Kwanza tukubaliane kazi yenyewe ni ipi. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, ya Mnazi Bay mwaka 1982, lakini ya Songo Songo haikufika Dar es Salaam kuzalisha umeme hadi 2004. Kuanzia 2010 meli za kuchoronga zikaenda kina kirefu cha bahari, na jumla ya gesi iliyogunduliwa nchini ikafika futi za ujazo trilioni 57 na ushei. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anakutajia namba hiyo bila kupepesa. Muulize sasa mchanga unaobeba gesi Songo Songo una umri gani, na wa kina kirefu una umri gani, uone anavyotazama dari. Wa Songo Songo ni wa Kretasia ya Chini, yaani sehemu ya mwanzo ya kipindi cha Kretasia. Kule kina kirefu upo wa Kretasia, na upo ulio mdogo zaidi, wa Tershiari, kipindi kilichofuata. (Ndiyo, kuna mchanga mchanga. Wanafunzi hucheka kila mwaka.)

Pengo liko hapo: trilioni wanazijua, mwamba hawaujui. Wa kuliziba ni mtu aliyeshika data kwa mikono yake na anayeweza kusimamia wanafunzi wa uzamivu hadi wamalize. Akiondoka, pabaki mtu wa kuendelea. Hilo la mwisho ndilo kamati nyingi huliacha hadi dakika ya mwisho, na ndilo lililotugharimu sisi.

Wasifu mtakaopokea utaangukia mafungu manne.

Wa kampuni

Huyu amekaa miaka ishirini na tano kwenye makampuni ya utafutaji. Amesimama kwenye mtambo saa tisa usiku akichungulia vipande vya mwamba vinavyopanda na matope, anajua kisima kikavu kinavyouma, na akiongea darasani hata waliozoea kusinzia nyuma wanavuta viti mbele.

Anapatikana lini? Bei ya mafuta ikianguka. Ilipoporomoka kuanzia katikati ya 2014, ikafika chini ya dola 30 kwa pipa Januari 2016, makampuni yalipunguza watu kwa maelfu, na wasifu wa aina hii ukaanza kumiminika kwetu. Ikawa hivyo tena 2020. Bei ikipanda, hata simu yako hapokei. Kwa hiyo kibali kikitoka wakati bei iko juu, ujue fungu hili litakuletea waliobaki, si walio bora.

Tatizo lake ni makaratasi. Katika vyuo vyetu vya umma, uhadhiri wenyewe siku hizi huanzia shahada ya uzamivu, na uprofesa unataka machapisho. Yeye kazi zake bora ni ripoti za siri zilizofungiwa kabati la kampuni. Alichochapisha ni makala mbili, moja ya mwaka aliooa. Nimeona kamati ikijikunja kila upande ili mtu kama huyu apate cheo, ikaishia kumpa kidogo kuliko alichotarajia, naye akaja na kinyongo.

Kosa letu la kwanza lilikuwa la fungu hili. Tulimchukua, wanafunzi wakampenda kupita kiasi, na kweli alistahili kupendwa. Lakini kusahihisha mitihani kulimchosha, vikao vya idara vilimchosha zaidi, na wanafunzi wawili wa uzamivu tuliompa hawakuvuka hata pendekezo la utafiti. Mwezi wa kumi na nne kampuni ikampigia. Akaondoka na kompyuta yake, na humo ndimo mifano yote ya darasani ilikuwamo. Muhula uliofuata somo la tafsiri ya logu za visima (michoro ya vipimo vya mwamba kadiri kisima kinavyoshuka) lilifundishwa na kijana mwenye shahada ya kwanza, kwa picha alizopakua mtandaoni.

Profesa kutoka nje

Kamati nyingi huanza kwa kumwota huyu: Aberdeen, Stavanger, Trondheim, Texas. Ana machapisho mia, ana wenzake wa kuandika nao, anajua mlango wa kila mfadhili. Na faida hizo zipo kweli. Ushirikiano wa Dar es Salaam na Trondheim katika jiolojia ya petroli, kwa fedha za Norway, umeacha Watanzania wenye shahada za uzamili ambao leo unawakuta maofisini. SLB, waliokuwa wakiitwa Schlumberger, hutoa leseni za Petrel, programu ya kutafsiri data za chini ya ardhi, kwa vyuo bila kudai bei ya kibiashara, ila lazima awepo mtu wa kuandika ombi, kulifuatilia, na kuhuisha leseni ikiisha. Profesa aliyezoea mambo hayo huyafanya akinywa chai.

Sasa sheria. Kwa mujibu wa Sheria ya ajira kwa wasio raia ya 2015, wataalamu wa mafuta na gesi na wahadhiri wa sayansi na hisabati wana daraja lao la kibali, daraja B, kwa hiyo si kweli kwamba "wageni hawaruhusiwi" kama utakavyoambiwa na mtu wa masijala. Lakini kibali ni cha miezi 24, huhuishwa, na jumla yake ina kikomo. Sheria hiyo hiyo inamdai mwajiri mpango wa kurithisha: mgeni anamfundisha nani ili akiondoka kazi ibaki? Idara nyingi hujaza fomu hiyo kwa jina la yeyote aliye karibu. Sisi tulijaza jina la mhadhiri msaidizi aliyekuwa masomoni China, na hakuna aliyeshtuka.

Piga hesabu. Shahada ya uzamivu hapa kwetu, tukisema ukweli, hula miaka minne hadi sita. Kibali nacho kina mwisho wake. Mgeni akifika, mwaka wa kwanza unakatika akitafuta nyumba, shule ya watoto na kibali cha data. Kwa hiyo kama mwanafunzi wa uzamivu hajaandaliwa kabla ya ndege kutua, mgeni ataondoka kabla mwanafunzi hajatetea.

Neno kuhusu data, maana hapa wageni hukwama zaidi kuliko kwenye joto la Dar. Data za petroli kisheria ni mali ya Serikali. Huzichukui rafuni, unaomba kwa barua, unaeleza utafiti, unasubiri, unafuatilia PURA (mamlaka inayodhibiti utafutaji na uchimbaji wa petroli) na TPDC (shirika la petroli la taifa). Mtu anayejua ofisi ipi, barua iandikweje na afuatilie siku gani, anakuokolea mwaka. Mgeni hajui, na si kosa lake.

Kosa letu la pili lilikuwa hili, na sitamsingizia mtu: alikuwa mwalimu mzuri na alikuja kwa nia njema. Alileta mradi mmoja, tukaenda Kilwa mara tatu, sampuli zikapimwa kwao kwa sababu maabara yetu haikuwa na mashine, makala nne zikatoka. Mradi ulipoisha naye akaisha. Kinachobaki ofisini kwangu ni makasha matupu ya sampuli, na huwa yanatumika kuhifadhia karatasi za mitihani.

Wageni wa jirani ni habari nyingine, na ajabu yake ni kwamba tunawasahau. Uganda ilithibitisha mafuta yake 2006, na wajiolojia wao wa serikalini walikuwa wameanza kuzunguka Bonde la Albert miaka mingi kabla kampuni kubwa hazijajali. Kenya walipata mafuta kwenye kisima cha Ngamia 1 kule Turkana mwaka 2012. Wote hao ni watu wa mabonde ya ufa. Kama idara yenu inataka kufanyia kazi Eyasi Wembere, Rukwa au Ziwa Tanganyika, mtu wa Kampala atakufaa kuliko bingwa wa Bahari ya Kaskazini. Kama macho yenu yako baharini, tazama kusini: Bonde la Ruvuma halisimami mpakani, na gesi kubwa ya Msumbiji iliibuka kuanzia mwaka ule ule wa 2010. Tangazo la kazi linaloandika "jiolojia ya petroli" tu, bila kusema bonde, hualika kila mtu na halimfai yeyote.

Mtanzania wa ughaibuni

Kwenye karatasi huyu ndiye jibu. Ana uzamivu wa nje, machapisho, labda miaka michache kampuni, na anajua kumwamkia mwenyekiti wa kijiji Mandawa kabla ya kupiga nyundo kwenye jiwe. Nimewahi kuona kikao kizima kikilegea kwa furaha baada ya kusoma jina la ukoo kwenye wasifu.

Muulize mapema mambo mawili yanayoonewa aibu. La kwanza, pasi yake ni ya wapi. Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, hivyo aliyechukua uraia wa Canada au Uingereza hawezi kuajiriwa kama raia, hata kama mama yake anaishi Kinondoni. (Mkenya hana kikwazo hicho kwao tangu Katiba ya 2010.) Tumewahi kufika hadi hatua ya barua ya ajira ndipo hilo likajitokeza. Wasiosema hawadanganyi, wanaona aibu tu.

La pili ni umri. Profesa katika utumishi wa umma anastaafu kwa lazima akiwa na miaka 65. Wengi wa ughaibuni hurudi watoto wakishamaliza shule, yaani kwenye 57 au 58. Hapo una miaka saba au minane: kizazi kimoja cha uzamivu, kwa bahati viwili. Si kidogo, lakini lazima aanze na wanafunzi mwezi wa kwanza. Akirudi na 62, umepata jina la kuandika mlangoni na hotuba nzuri za mahafali.

Mshahara nao. Usimfiche. Mtu akiujua mapema akakubali, atavumilia. Akiukuta kwenye hati ya malipo ya mwezi wa kwanza, utamwona anakimbilia semina za nje kila wiki.

Wa hapa hapa

Mhadhiri mwandamizi au profesa mshiriki aliyepo idarani, anayefundisha masomo matano na kusimamia miradi kumi na saba. Kamati humruka kwa sababu inamjua mno. Inajua aligombana na nani 2016, inajua gari lake linavyogoma kuwaka. Mgeni kasoro zake hazijafika bado.

Faida yake ni kwamba hana cha kujifunza kuhusu mfumo. Barua za data anaziandika usingizini. Mafaili ya visima vya zamani, hadi vile ambavyo BP na Shell walichoronga Mafia, Zanzibar na Pemba kabla hata TPDC haijaundwa mwaka 1969, ameyapitia. Udhaifu wake ni kwamba huenda hajawahi kugusa data ya kina kirefu, na miaka kumi ya masomo matano kwa muhula imemla. Na kumpandisha hakukuongezei mtu: idara yenye walimu sita inabaki na sita. Kama shida yenu ni upungufu wa mikono, kupandisha peke yake si dawa.

Kuna pia mstaafu wa kuongezewa mkataba. Mpe mkataba amalize wanafunzi wake, mshukuru, basi. Ikama usiiguse.

Usaili wa mara ya tatu

Safari ya tatu tuliacha maswali ya "unaiona wapi idara baada ya miaka mitano". Tukatandaza mezani logu ya kisima kimoja cha zamani tulichoombea kibali, tukawaita wanafunzi wanane wa mwaka wa nne, tukamwambia kila msailiwa: una dakika ishirini, fundisha.

Logu ile ina mtego. Mahali fulani mstari wa nyutroni na wa densiti (vipimo viwili vya nafasi wazi ndani ya mwamba) inapishana, na kila mwanafunzi amekaririshwa kwamba ikipishana kwenye mchanga, hiyo ni gesi. Lakini logu imechorwa kwa kipimo cha chokaa, yaani kana kwamba mwamba wote ni chokaa, na kwa kipimo hicho hata mchanga safi uliojaa maji hupishanisha mistari kidogo. Anayesoma kichwa cha logu kwanza haingii mtegoni. Na mstari wa ukinzani wa umeme pale pale uko chini, jambo linalosema maji yenye chumvi.

Wa kampuni aliinama sekunde kumi. "Hii ni maji, vijana. Songeni mbele." Alikuwa sahihi kabisa. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Profesa, umejuaje?" Akajibu, "Ukiona nyingi utajua." Wanafunzi wakacheka, wakaandika *maji*.

Profesa wa nje, tuliyemsaili kwa video, alianza na umri wa tabaka, akauliza kama kuna visukuku vidogo vilivyopimwa, akatoa somo zuri la jinsi pwani yetu ilivyofunguka Madagascar ilipojitenga. Dakika ishirini zikaisha hajafika kwenye mistari. Nilijifunza kitu, nakiri. Wanafunzi waliandika ukurasa mzima.

Wa ughaibuni aliuona mtego dakika ya pili, akaueleza vizuri kwenye ubao, hatua kwa hatua. Kasoro yake ilikuwa kueleza kila kitu mwenyewe. Hakuna mwanafunzi aliyefungua mdomo.

Wa hapa hapa, mama mmoja ambaye nusu ya kamati ilikuwa imeshamhesabu kuwa wa kusindikiza wenzake, alikaa kimya akaizungusha logu iwaelekee wanafunzi. "Haya, nani atanisomea kichwani hapa pameandikwa nini?" Kimya. "Wewe wa shati la bluu." Kijana akasoma: kipimo cha chokaa. "Na hapa tuko kwenye chokaa?" Hapana, mwalimu, mchanga. "Basi?" Ilichukua dakika kumi na moja, niliangalia saa. Waligombana wenyewe, mmoja akashikilia gesi hadi mwisho, mwingine akamwonyesha ukinzani kwa kalamu. Yeye hakuandika neno ubaoni.

Tulivyogawa

Mtu mmoja hawezi kuwa wote wanne, na kosa letu la mara mbili lilikuwa kumtafuta mtu huyo. Kwa hiyo ikama tukamwombea wa ughaibuni: ana miaka 54, pasi ya Tanzania, na barua ya kukubali mshahara kwa maandishi. Mama wa logu tukampeleka kwenye upandishaji kwa njia yake ya kawaida, machapisho yanatosha, na tukampunguzia masomo mawili ili asimamie uzamivu. Wa kampuni tukampa mkataba wa muda, wiki sita kwa mwaka, somo la logu na la kisima tu, bila kikao hata kimoja, na kwa sharti kwamba kila mfano anaotumia unabaki kwenye kompyuta ya idara. Profesa wa nje akakubali kuwa msimamizi mwenza wa mwanafunzi mmoja kutoka alipo, jambo ambalo halihitaji kibali cha kazi wala shule ya watoto.

Idara yenye hali tofauti ingegawa tofauti. Kama una walimu wa kutosha ila hakuna aliyewahi kuona data ya kina kirefu, ningeipeleka ikama kwa mgeni wa mkataba wa muda, mradi wanafunzi wa uzamivu wawe wameshadahiliwa na mrithi awe na jina la kweli. Kama shahada yenu ya uzamili inakaribia kukaguliwa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, na hamna mtu wa ngazi ya juu, msipoteze muda na wa kampuni asiye na uzamivu, hata akiwa hodari vipi. Na kwa vyovyote, swali moja kwa msailiwa yeyote: petroli ikikosa soko, utafundisha nini? Heli ya Rukwa, jotoardhi ya Mbeya, maji ya chini ya ardhi, vyote vinatumia ujuzi ule ule wa kusoma mabonde. Aliyeshtuka kwa swali hilo alijiondoa mwenyewe.

Barua ya wa ughaibuni bado iko kwenye foleni ya vibali ninapoandika. Wa kampuni ameshaanza. Jumamosi iliyopita alikuja na wanafunzi wakiwa wamemtangulia, wakatoa logu za karatasi za visima vya zamani kutoka stoo, zile ndefu zinazokunjwa kama mkeka. Meza ya mikutano haikutosha. Wakazitandaza koridoni, kutoka mlango wa masijala hadi ngazini, na yeye akavua viatu, akawa anatembea juu yake na soksi akiwauliza kipimo ni cha nini.